Ushauri: Je, niwaamshe wanafunzi alfajiri kuitazama nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS?

Mwalimu wa Dodoma (muulizaji), Septemba 2024

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nafundisha fizikia katika shule ya bweni mkoani Dodoma, na wanafunzi wa klabu yetu ya sayansi hawana wimbo mwingine siku hizi ila nyotamkia hiyo, ambayo pia huitwa C/2023 A3, ile iliyogunduliwa mwaka 2023 na wataalamu wa falaki wa China, kisha ikanaswa pia na darubini ya ATLAS, mradi wa kusaka miamba ya angani inayoweza kuigonga Dunia, iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Tarehe 27 Septemba itakuwa karibu kabisa na Jua, umbali wa kilomita milioni 58 hivi, na inasemekana sisi wa kusini mwa Ikweta ndio tutakaoiona vizuri kwanza. Hata hivyo, mwezi Julai mtaalamu Zdenek Sekanina aliandika kwamba itasambaratika kabla ya kufika huko, nami naogopa kuwatoa watoto 40 vitandani ili watazame anga tupu. Tena klabu ina akiba ndogo: je, tununue darubini ya kusimamishwa kwa miguu mitatu?

Mwanachama wa Iringa

Mwalimu, akiba hiyo usiiguse. Mkia wa nyotamkia ni mrefu, ilhali darubini kubwa huonyesha kipande kidogo tu cha anga, hivyo utakuwa kama mtu anayemtazama tembo kupitia tundu la ufunguo. Azima darubini ya mkononi, ile ya macho mawili yenye maandishi 10x50 (yaani hukuza mara 10, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50), nayo itatosha klabu nzima kwa zamu. Jambo la kuhangaikia ni upeo wa mashariki, kwa sababu siku hizo nyotamkia itachomoza takriban saa moja na nusu tu kabla ya Jua. Kwenu muda wa kufaa utakuwa kati ya saa 11:10 na saa 11:40 alfajiri, na hata hapo haitapanda sana, pengine kimo cha ngumi moja ya mkono ulionyooshwa. Kilima kimoja au moshi wa mashamba yanayochomwa msimu huu vinaweza kuificha yote. Nenda peke yako siku mbili kabla, ukague. Na darubini zote zikusanywe kabla Jua halijachomoza, maana kulitazama Jua kwa darubini kunaweza kupofusha. Katika hilo usimwonee haya mtoto yeyote.

Mwanachama wa Mbozi

Kuhusu kusambaratika, hofu yako ina msingi, kwani nyotamkia ya ISON ilisubiriwa kwa shangwe mwaka 2013 ikavunjikavunjika ilipolipita Jua mwezi Novemba. Lakini nyotamkia ya McNaught, iliyogunduliwa Australia Agosti 2006, ilifika Januari 2007 ikang'aa hadi ikaonekana mchana. Waeleze wanafunzi mapema kwamba ni bonge la barafu na vumbi linalopashwa moto, na kwamba kuvunjika kwake nako ni somo. Waeleze pia kwamba nyotamkia si kimondo! Naishi jirani na kile Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lililoanguka kutoka angani, na sikumbuki mara ngapi mgeni ameniuliza mkia wake uliangukia wapi.

Mwanachama wa Tanga

Mimi sikubaliani na habari ya alfajiri. Ikinusurika, itaipita Dunia kwa karibu tarehe 12 Oktoba, na kuanzia hapo itaonekana magharibi mara baada ya machweo, upande uleule inakong'aa Zuhura, huku ikipanda juu zaidi kila jioni. Watoto watakuwa wamekwisha kula, na hakuna atakayesinzia darasani kesho yake.

Mwanachama wa Iringa

Oktoba ni nzuri, lakini mbalamwezi itakuwa inakua hadi mwezi mpevu wa tarehe 17, na huko kwenu pwani mawingu ya vuli yataanza kujikusanya. Mwishoni mwa Septemba kuna hilali nyembamba tu, na Dodoma ni kukavu. Asubuhi hizo usizitupe.

Mwalimu wa Dodoma (muulizaji)

Ahsanteni sana. Jana nilikwenda nyuma ya bweni, nikakuta mti wa mbuyu umeziba mashariki kabisa, hivyo tutatumia uwanja wa mpira. Nitawachukua watakaojiandikisha kwa hiari Jumamosi ya tarehe 28, ambayo haina vipindi, na waliobaki watasubiri jioni za baada ya tarehe 20 Oktoba, mbalamwezi itakapokuwa inachelewa kuchomoza. Darubini ya macho mawili nimeahidiwa na askari mmoja wa wanyamapori, ila ameniambia lenzi moja ina ukungu. Je, kuna anayejua namna ya kuisafisha bila kuikwaruza?