Mtoto wa mpangaji mwenzangu kakata gauni la mteja, mama yake ananiambia "ni mtoto tu". Kwa hiyo lesi nalipa mimi?

Wakuu, salamu zitafuata baadaye, kwanza nitoe hasira.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Sebule yangu ndiyo ofisi: cherehani dirishani, overloki pembeni, meza ya kukatia katikati, na nguo za wateja zimetundikwa kwenye kamba ukutani. Tunaishi nyumba ya kupanga hapa Dar, milango inatazamana, bomba moja, Luku tunachangia. Kila mpangaji anajua kwamba mlango wangu ukiwa wazi mchana niko kazini, sijakaa kusubiri wageni.

Sasa kuna jirani, nitamwita Mama D. Ana mtoto wa kiume, ana miaka minne na kidogo. Alikuja kwangu na mtoto wake, hakuwa na nguo ya kushona wala shida yoyote. Kaja kupiga soga na kuchaji simu. Mimi niko kwenye cherehani nimewapa mgongo, namalizia mikono ya blauzi. Mtoto anazunguka, mara kavuta uzi, mara kamwaga vifungo. Nikamwambia, "Mama D, mshike mwanao, humu kuna sindano na mikasi." Akacheka. "Ah fundi, huyu mtundu huyu, hashikiki." Akarudi kwenye simu.

Baadaye nasikia stuli inaburutwa kwenye vigae, ile sauti ya kukwaruza inayoingia mpaka kwenye meno. Mama yake aliinua macho? Thubutu! Mtoto kapanda stuli, kachukua mkasi wa kukatia katikati ya meza, kashuka nao, kaenda moja kwa moja kwenye gauni lililokuwa limeshuka karibu na sakafu. Lesi ya kijani iliyokolea, imedariziwa shanga. Kakata kutoka kwenye pindo la mbele kwenda juu, halafu kakata tena pembeni yake. Wanaojua lesi ya shanga wanajua hapo hakuna cha kuunga wala kiraka. Ukikata nyavu shanga zinamwagika zenyewe.

Gauni lilikuwa la mama wa bibi harusi, na harusi ni Jumamosi ya wiki ileile.

Nilipopiga kelele ndipo Mama D akaacha simu. Na alichofanya ndicho hasa kimenileta hapa. Hakusema pole. Alimvuta mtoto mkono, akampiga makofi mbele yangu, moja, mbili, tatu, mtoto analia mpaka anakosa pumzi, halafu akanigeukia: "Haya, nimemchapa. Umeridhika?"

Jamani, mimi nilidai lesi, sikudai makofi! Nani alimwambia kilio cha mtoto ni hela? Mtoto wa miaka minne kaona mkasi unang'aa, kaona kitu kinametameta, kafanya wanachofanya watoto wa miaka minne. Hana kosa na sitaki apigwe kwa ajili yangu. Tena ashukuru Mungu mkasi ule, ulionolewa juzi, haukuingia kwenye jicho la mwanawe, maana hapo leo tungekuwa tunazungumza mengine. Ila kwetu hapa ndiyo mtindo: mtoto akiharibu, anachapwa mbele ya aliyeharibiwa, na kesi inahesabiwa imekwisha. Mzazi kalipa kwa ngozi ya mtoto, yeye mfukoni hajaguswa. Na wewe ukiendelea kudai baada ya hapo unaonekana una roho mbaya, "mtoto wa watu kachapwa na bado anadai!"

Mteja nilimpigia siku hiyohiyo nikamwambia ukweli. Kwake mimi ndiye niliyepokea kitambaa na mimi ndiye ninayejibu, hilo sibishi, ndiyo kazi. Hawezi kwenda harusini kwa mwanawe amevaa maelezo. Nikaenda Kariakoo, nikazunguka Mtaa wa Kongo na vichochoro vyake mpaka miguu ikawaka moto, nikapata pisi ya yadi 5 ya rangi inayokaribia. Shilingi 220,000. Ilitoka kwenye hela ya kodi ijayo niliyokuwa nadunduliza. Bitana na zipu ya zamani nilivifumua nikavitumia tena. Nikashona upya, gauni likaenda harusini. Ufundi wa mara ya pili sikumdai mteja na sikumdai Mama D. Nilimdai lesi peke yake.

Nimesubiri harusi ipite, nimekwenda kwake jioni, kwa adabu, na risiti ya duka mkononi. Jibu: "Fundi, kwani nilimtuma? Ni mtoto tu." Nikamwambia basi tugawane nusu, alipe kidogokidogo. "Mwezi huu siwezi, nina mchezo."

Wakuu, huo mchezo wa kupeana hela na mimi namo! Tunacheza wapangaji wote, kijumbe anayekusanya hela ni dada wa chumba cha mwisho, na zamu ya kupokea mwezi huu ni ya nani? Ya huyohuyo Mama D. Nikamwomba kijumbe akate kabisa kwenye mzigo wake. Kijumbe akasema hawezi kukata hela ya mtu bila ridhaa yake, mchezo utavunjika. Hapo simlaumu, angeanza kukata madeni ya watu kesho kila mmoja angekuja na lake. Baba D naye, yule wa bajaji, nilimsubiri mpaka akarudi usiku. Akaniambia hayo ni mambo ya wanawake, tumalizane wenyewe. Mtoto ni wake anapofanana naye sura, akiharibu lesi anakuwa wa wanawake.

Tukaenda kwa mjumbe wa mtaa. Mzee wa watu akasikiliza pande zote, akapendekeza Mama D alipe elfu ishirini kila mwezi mpaka ifike nusu. Mimi nikakubali. Mama D akasema mjumbe anampendelea fundi kwa kuwa nilimshonea mkewe. Akaondoka.

Sasa nijibu zile hoja ninazopewa hapa uani kila nikienda kuchota maji, maana najua na ninyi mtazileta.

"Uliacha mkasi wazi." Niliuacha kwenye meza yangu ya kukatia, ndani ya chumba changu cha kazi, katikati ya meza ambayo mtoto wa umri ule haifikii bila stuli. Ulitaka niuweke wapi, kwenye friji? Ningekuwa nimekwenda kwako nikaacha mkasi sakafuni, sawa, nikamate. Lakini umekuja wewe ofisini kwangu, nimekuonya kwa mdomo wangu, na stuli imeburutwa mbele yako.

"Mtoto ni wa wote, mtoto wa mwenzio ni wako." Hii ndiyo inayonichefua kuliko zote. Kuna siku mtoto huyuhuyu alikuwa anarusha mchanga kwenye nguo nilizoanika, nikamshika mkono nikamwambia acha. Nikamwambia tu, sikumpiga. Mama yake alitoka ndani kama mshale: "Fundi, usiniguse mwanangu! Una lako jambo niambie mimi!" Sawa, nikajifunza kwamba huyu si wangu. Sasa leo anapotakiwa kulipiwa ndiyo amekuwa wa mtaa mzima? Kama ni wa wote tuseme tangu asubuhi, nimkanye, nimwondoe mezani, nimtoe nje nifunge mlango. Ukishaninyima mamlaka ya kumkanya umebaki na mzigo wa kumwangalia, na mzigo huo una gharama zake.

Na wale wa "mtoto hana akili timamu bado, huwezi kumdai": nani anamdai mtoto? Kijijini kwetu mbuzi akiingia shambani akala mahindi, mwenye mbuzi anaitwa, hasara inapimwa, analipa. Hakuna anayesimama kusema "ni mbuzi tu, hajui mipaka". Kwa kuwa mbuzi hajui ndiyo maana mwenyewe anatakiwa kujua. Msiniambie namfananisha mtoto wa watu na mbuzi, ninayemzungumzia ni mwenye kamba.

Kuna aliyeniambia niende polisi. Nina mteja wangu ni mwanasheria, nilimuuliza wakati namchukua vipimo. Akanielewesha kwamba polisi ni kupoteza nauli: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 15, mtoto chini ya miaka 10 hana kosa la jinai hata afanye nini. Lakini jinai ni kitu kimoja na madai ni kitu kingine. Akasema kwa sheria hii ya madhara tuliyoirithi kwa Mwingereza, mzazi halipi kwa sababu tu ni mzazi. Analipa ikithibitika alizembea kumwangalia mtoto wakati alipaswa kumwangalia. Alipoona nimenyong'onyea akaniuliza, "Ulimwonya?" Nikasema ndiyo. "Kuna aliyesikia?" Mwanafunzi wangu wa ushonaji alikuwa anabandua vifungo mlangoni. Akacheka, akasema basi usikate tamaa.

Nikaona nimuulize na mzee mmoja wa msikitini hapa jirani, maana Mama D alikuwa amenitajia dini, kwamba mtoto kalamu imeinuliwa kwake mpaka abaleghe. Mzee akasema kalamu iliyoinuliwa ni ya dhambi. Mali ya mtu iliyoharibiwa ina dhamana yake, na kwa wanazuoni walio wengi mtoto aliyeharibu hulipiwa kutoka kwenye mali yake mwenyewe kama anayo. Nikamwambia, shehe, huyu mali yake ni ndala na mpira uliopasuka. Akatabasamu akasema ndiyo maana wazazi wenye staha hawasubiri kufika huko.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu

Asanteni mlioelewa. Kwa wengine, ngoja niseme.

Aliyenitumia habari ya Haifa, Israeli: naijua. Agosti 2024, mtoto wa miaka minne kavunja mtungi wenye zaidi ya miaka 3,500 kwenye Jumba la Makumbusho la Hecht, na jumba halikudai hata senti, likawaalika tena na wazazi wake. Vizuri sana. Lakini umesoma mpaka mwisho? Mtungi ule waliuweka wazi makusudi bila kioo, ni msimamo wao kwamba watu waone vitu bila vizuizi. Walijua hatari yake wakaikubali. Tena ni taasisi ya chuo kikuu. Mimi kodi ijayo inanisubiri. Halafu mbona hujaleta ile ya Overland Park, Kansas, Marekani, mwaka 2018? Mtoto wa miaka mitano kaangusha sanamu kwenye jengo la jumuiya, kampuni ya bima ya mji ikawaandikia wazazi barua ya dola 132,000. Hayo nayo mimi siyataki. Ukiweka sanamu ya bei hiyo kwenye njia ya watoto bila kuikaza, na wewe una lako la kujibu.

Mdau uliye Ujerumani, asante kwa ufafanuzi. Wengine hapa wanadhani huko kwa wazungu mzazi analipa tu kila kitu. Kumbe huko mtoto chini ya miaka 7 kwa kawaida hadaiwi, na mzazi analipa pale tu alipokosa kumwangalia inavyotakiwa, na watu wana bima za mambo haya. Wafaransa ndio wakali, mzazi analipa hata kama hakuzembea. Mimi sijafika kwa Wafaransa. Kwangu uzembe ulikaa kwenye kochi langu na chaja yangu.

Anayesema "kuna siku mwanao na wewe ataharibu": wangu wameshaharibu. Mkubwa alipasua kioo cha dirisha la duka kwa mpira, nikaenda na fundi wa vioo siku ya pili yake. Mwenye duka alinikatalia nisilipe yote, tukagawana, mpaka leo nakopa sukari kwake. Hiyo ndiyo tofauti. Angekuja Mama D siku ile na elfu thelathini mkononi na "fundi pole, nimeona, nitajikongoja", naapa ningempunguzia, pengine ningezirudisha kabisa. Watu hawasamehewi kwa kuamuru.

Na wewe unayesema nihame. Nihame niache kodi niliyolipa miezi sita mbele, nikatafute wateja upya, kwa sababu mtu hataki kumshika mwanawe mkono?

Mlango wangu sasa una bango: mtoto asiyeshikwa mkono haingii. Wateja wawili wamenuna, mmoja kaniambia nimekuwa na dharau. Anune tu.

Ninachotaka kwenu ni kimoja. Kama kuna mtu humu amewahi kupeleka dai dogo namna hii Mahakama ya Mwanzo, anieleze alianzia wapi, ada ya kufungua alilipa shilingi ngapi, na kama shahidi ambaye ni mwanafunzi wangu wanamkubali. Risiti ya lesi ninayo, gauni lililokatwa ninalo kwenye mfuko, sijalitupa. Mama D anapokea mchezo tarehe 28, na mimi nataka samansi imkute hela bado zipo.