Nyuzi gani zitafaa gitaa la umeme hapa Malindi, namba 9 au namba 10?

RithimuMuyeye

Salaam aleikum, na hamjambo nyote. Napiga rithimu kwenye bendi ya harusi hapa Malindi. Chakacha, rumba, na zile za taratibu watu wakiwa wanakula. Gitaa langu ni la umeme, umbo la Stratocaster, lenye mkono wa kutikisa sauti darajani. Nililinunua kwa Mwitaliano mmoja wa upande wa Casuarina aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao. Tangu hapo nafunga nyuzi zozote ninazozikuta dukani.

Shida ni hizi. Nyuzi nyembamba zinashika kutu upesi mno. Nikitelezesha kidole nahisi vijipele na kidole kinatoka cheusi. Halafu uzi wa kwanza unakatika, na kila ukikatika ni palepale, juu ya daraja. Lakini linaloninyima usingizi ni hili: mwimbaji wetu sauti yake iko chini kidogo, kwa hiyo tunashusha nyuzi zote nusu toni. Kwenye simu programu ya kutuni inaniambia niko sawa. Chakacha ikikolea, nikizipiga nyuzi zote sita kwa nguvu, gitaa linapanda juu ya kinanda, yaani linatoka kwenye tuni. Si sana, ila linasikika, na kiongozi wa bendi hugeuka kuniangalia mbele za watu.

Nilizokuwa nimefunga ni namba 9. Mwenzangu alinishauri nifunge za gitaa kavu (lisilo la umeme), zile zenye rangi ya shaba, eti ni ngumu na hazipandi. Nikazifunga. Nyuzi nene zikafifia kabisa kwenye amplifaya, nyembamba zikawa ndizo zinapiga kelele. Kwa nini?

Naomba ushauri: namba gani, chuma gani, na chumvi hii ya baharini niifanyeje. Pesa si nyingi.

SoloKilifi

Dada, baki na 9. Mimi nafunga nyuzi za Super Slinky, 9–42 (uzi mwembamba kabisa 9, mnene kabisa 42), miaka na miaka. Ukivuta uzi unafika unakotaka na vidole havichoki harusi ikienda mpaka alfajiri. Kutu haina dawa, we badilisha tu.

FundiGitaaMalindi

Dada RithimuMuyeye, aleikum salaam. SoloKilifi amekujibu kwa mkono wake, na kwa anachopiga yeye yuko sawa. Anavuta nyuzi moja moja, anataka ulaini. Wewe kazi yako ni kubana kodi (sauti kadhaa kwa mpigo mmoja) na kupiga nyuzi zote pamoja usiku kucha, na kuna kinanda pembeni ambacho sauti yake haisogei hata ukikipigaje. Mahitaji yenu hayafanani.

Ile namba ni unene wa uzi wa kwanza kwa hesabu ya elfu za inchi. Namba 9 ni milimita 0.23, namba 10 ni milimita 0.25. Kwa macho huoni tofauti. Shingo ya gitaa inaiona. Seti ya 9–42 kwenye gitaa la urefu kama lako, inchi 25.5 kutoka kiti cha juu (kile kipande chenye mifereji mwisho wa shingo) hadi darajani, ikituniwa kawaida huvuta kwa jumla ya karibu kilo 39. Seti ya 10–46 huvuta karibu kilo 47. Sasa ukishusha nusu toni, kila uzi unapoteza kama asilimia 11 ya mvuto wake. Piga hesabu: hizo 9 zako zimebaki na kilo 35 hivi. Zimelegea. Uzi uliolegea ukiubana kwa nguvu unazama nyuma ya freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni), unanyooka zaidi, na sauti inapanda. Ukiupiga kwa nguvu nao unapanda mwanzoni kabla haujatulia. Simu yako inakuambia uko sawa kwa sababu unapotuni unadonoa polepole, na uzi hujaubana. Harusini hupigi hivyo.

Funga 10–46, kisha shusha nusu toni yenu ileile. Utapata kama kilo 42. Ni ngumu kuliko ulizozoea, lakini bado ni laini kuliko 10 za mtu anayetuni kawaida. Vidole vitalalamika mwanzoni, vitazoea. Kodi zitatulia na kinanda, hilo nakuhakikishia kwa sababu magitaa ya rithimu yanayoletwa kwangu na malalamiko haya haya huwa nayafungia hivyo na hayarudi.

(Kwa wengine mnaosoma: gitaa la umbo la Les Paul ni fupi, inchi 24.75, kwa hiyo seti ileile huvuta pungufu kwa kama asilimia 6. Mwenye gitaa hilo na anashusha nusu toni anaweza kwenda namba 11 bila wasiwasi.)

Zile za gitaa kavu zitoe leo. Gitaa la umeme halisikii hewa, linasikia chuma. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba; uzi wa chuma ukitikisika juu yake unavuruga nguvu ya sumaku na umeme mdogo unazaliwa ndani ya ule waya. Shaba haishikwi na sumaku. Nyuzi nene za gitaa kavu zimezungushiwa shaba iliyochanganywa na zinki au bati, kwa hiyo kinachosikika ni ule moyo mwembamba wa chuma ulio ndani tu. Nyembamba ni chuma kitupu, ndiyo maana zikakupigia kelele. Amplifaya yako haina kosa.

Chuma gani? Zilizoenea ni chuma kilichopakwa nikeli. Zinafaa, bei yake inavumilika, na hata maduka yenye shehena ndogo huwa nazo. Nikeli tupu ina sauti ya upole zaidi, nzuri kwa rumba ya taratibu, ila ni ghali na utaitafuta. Chuma cha pua kinang'ara masikioni na kinakataa kutu, lakini kinakula freti haraka. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii: katika seti nyingi za chuma cha pua, kilicho cha pua ni ule waya wa kuzungushia nyuzi nene. Uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu hubaki chuma cha kawaida kilichopakwa bati. Sasa niambie, kwako kutu inaanza wapi? Kwenye hizo hizo. Umelipa zaidi na ugonjwa uko palepale.

Kuhusu kukatika nitaandika jioni, nina shingo imebanwa mezani.

UdiLamu

Fundi amesema kweli tupu. Naongeza la Lamu, kwa sababu chumvi ya kwetu haina mchezo.

Mimi asili yangu ni udi, na udi una nyuzi za nailoni, zile nene zimezungushiwa waya. Gitaa la umeme nalipiga kwenye sherehe. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyingi za mji. Kuta hizi zinakunywa unyevu na kuutoa polepole. Kijana akitundika gitaa ukutani analiona limependeza, kumbe anaviweka vyuma kwenye hewa ya chumvi mchana na usiku, na kaskazi ikivuma na joto lake ndiyo kabisa. Gitaa likae kwenye sanduku lake, sanduku lisiguse ukuta wala sakafu. Ndani tia vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Vikusanye, usivitupe.

Ukimaliza kupiga, kitambaa kikavu cha pamba. Kipande cha kanga iliyofuliwa mara nyingi ndicho kizuri kuliko vyote, kwa kuwa hakiachi nyuzinyuzi. Kishike kama unabana uzi kati ya vidole viwili na upitishe kwa chini pia, siyo juu peke yake. Jasho linakaa chini. Na usipake mafuta ya nazi. Wako wanaopaka. Yanashika vumbi kati ya mizunguko ya waya na sauti inakuwa nzito.

Kuhusu pesa: ziko nyuzi zilizopakwa utando mwembamba wa plastiki, kama Elixir. Bei mara mbili au zaidi. Mimi ndizo ninazofunga, kwa sababu kifurushi changu kinatoka Mombasa, kinashuka Mokowe, kisha kivuke kwa boti, na nikiishiwa nyuzi siku ya harusi hakuna duka la kukimbilia. Utando unachelewesha kutu kweli. Anayeishi Malindi, Mombasa iko karibu, huenda asione haja.

Swali kwa fundi: uzi wa tatu, unapendelea mtupu au uliozungushiwa waya? Wazee niliojifunza kwao walipenda uliozungushiwa.

BesiWatamu

Mimi nachemsha. Nyuzi za besi ni ghali, nikizichemsha kwenye sufuria na kuzikausha vizuri zinarudi na sauti. Dada jaribu kabla ya kununua.

RithimuMuyeye

Ahsanteni sana, sikutarajia maelezo ya namna hii. Mwalimu UdiLamu, vipakiti vya viatu ninavyo, nilikuwa natupa.

Fundi, nimepata 10–46 za nikeli leo kwa duka moja mjini. Nikafunga, nikashusha nusu toni. Sauti imejaa, naisikia hata kwa amplifaya ndogo. Lakini daraja limeinuka nyuma, nyuzi ziko juu mno shingoni, na nikituni wa sita, wa kwanza unashuka. Nikirudi kwa wa kwanza, wa sita umeshahama. Nimeharibu kitu?

FundiGitaaMalindi

Hujaharibu kitu. Daraja la namna yako halikufungwa moja kwa moja kwenye mbao, limeegemea. Mbele linavutwa na nyuzi, nyuma ndani ya tumbo la gitaa linavutwa na springi. Ukiongeza nguvu upande mmoja, linainamia huko. Ndiyo maana kila uzi unaoukaza unalegeza mwingine.

Geuza gitaa, fungua kifuniko cha plastiki cha nyuma. Utaona springi tatu au nne zimeshikwa na kipande cha chuma chenye kucha, na kipande hicho kimeshikiliwa na skrubu mbili ndefu zilizoingia kwenye mbao. Zikaze kidogo, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, zilingane. Tuni tena. Tazama daraja. Rudia mpaka lilale kama lilivyokuwa na zile 9. Kama huutumii ule mkono wa kutikisa, na wapiga rithimu wengi hawautumii, kaza mpaka daraja lilale kabisa juu ya mbao na ulisahau. Kutuni kutakuwa kwepesi, na uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo zilizobaki hazihami. Kwa harusi hiyo ni faida kubwa.

Shingo iache ipumzike hadi kesho ndiyo uipime. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine, utazame katikati, karibu na freti ya 7 au 8. Nafasi kati ya uzi na freti iwe kama unene wa uzi wako wa kwanza. Ikizidi sana, chuma cha ndani ya shingo kinahitaji kukazwa, robo mzunguko tu, kisha ngoja. Mkono ukiwa na shaka, usikiguse, lete kwa fundi. Mwisho linganisha sauti ya freti ya 12 ukiubana uzi na ile ya filimbi ukiugusa tu juu ya freti hiyo hiyo. Uliobanwa ukiwa juu, rudisha kiti cha uzi huo nyuma kwa skrubu yake. Fanya kwa zote sita, na bana kwa nguvu unayotumia harusini.

Sasa kukatika. Uzi ukikatika palepale darajani, kwenye kiti chake kuna ncha kali, mara nyingi ndogo usiyoiona. Pitisha uzi wa zamani mnene mahali hapo, utahisi unakwama. Sugua kwa msasa laini, namba 600 kisha 1000, uukunje mwembamba uingie kwenye mfereji, mpaka hapakwami tena. Ukikosa msasa, toa ganda la waya mwembamba wa umeme, kata kipande kifupi na uvike uzi pale unapopinda. Sauti inapungua mng'aro kidogo, lakini utamaliza harusi. Kwenye mifereji ya kiti cha juu, paka risasi ya penseli ili nyuzi ziteleze unapotuni.

UdiLamu, wazee wako walikuwa na sababu. Kabla ya miaka ya 1960 seti nyingi za umeme zilikuwa nene na uzi wa tatu ulizungushiwa waya. Wapiga solo wa Marekani ndio waliotaka mtupu ili wauvute, wengine wakachukua uzi wa banjo, mpaka Mmarekani Ernie Ball akaanza kuuza seti nyepesi za Slinky mwaka 1962. Kwa rithimu, uzi wa tatu mtupu ndio unaopanda kuliko wote ukibanwa. Uliozungushiwa hutulia. Tatizo ni kwamba huku kwetu seti hizo huwa za namba 11 na kuendelea, na kwa mkono wa dada naona tungoje kwanza azizoee 10.

BesiWatamu, kuchemsha kunatoa uchafu na mafuta ya vidole, na kwa besi nakubaliana nawe. Kutu haitoki kwa maji. Nyuzi nyembamba za gitaa zilizokwisha kuota vijipele ukizichemsha unazipeleka kaburini haraka.

Dada, dukani uliza kama wanauza uzi wa kwanza mmoja mmoja, namba 10. Nunua kadhaa uweke kwenye sanduku pamoja na vile vipakiti. Ukisugua kiti na bado ukakatika, niandikie umekatikia wapi hasa: pale unapopinda darajani, au kwenye kile kifundo cha mwisho kilichosokotwa. Dawa zake ni mbili tofauti.