Divertissement ni nini hasa? Kamusi inasema "burudani" halafu basi

kifaranga_wa_mjini
Wakuu salama? Naangalia baleti ya The Nutcracker ya Tchaikovsky mtandaoni, mwanzo niko nayo vizuri, kuna krismasi, kuna vita na mapanya, mambo moto, sasa kufika sehemu ya pili stori inasimama kabisaa, watu wanakuja tu kucheza kwa zamu, chokoleti ya Kihispania, kahawa ya Kiarabu, chai ya Kichina, Warusi wanaruka hao. Maelezo yanasema hiyo ni "divertissement", nikigugo naambiwa burudani. Kwani baleti nzima si burudani?

mpiga_fidla
Umeona sawasawa mkuu, stori imesimama na imesimamishwa makusudi. Kwenye baleti hilo ni fungu la dansi fupi fupi linalopachikwa ndani ya hadithi bila kuisogeza mbele, kila mchezaji apate dakika zake za kutamba. Kisingizio huwa sherehe: The Sleeping Beauty (1890) ni harusi ndo maana anaibuka mpaka paka mwenye mabuti, Swan Lake ni dhifa ya mwana wa mfalme kuchagua mchumba, na hiyo yako ya 1892 ni karamu ya kumpokea mgeni nchi ya pipi. Desturi ya zamani sana, mtunzi Lully enzi za mfalme Louis XIV wa Ufaransa alikuwa anatia kipande cha kuimba na kucheza ndani ya kila tendo la opera zake, na mfalme mwenyewe ujanani alikuwa mchezaji.

Kwenye muziki mtupu utakutana na divertimento, ya Kiitaliano, Mozart kaandika kibao, muziki mwepesi wa hafla. Ila jina lisikudanganye, ile K. 563 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart) ya 1788 ya fidla, viola na cello sio ya kupigia soga.

Mama Kinara
Kumbe ni zile shoo za vikundi vya sanaa vya Tanzania, Muungano na TOT, ngoma, sarakasi, vichekesho, taarab, mpaka usiku mnene 😂

mpiga_fidla
Hapana dada, pale kila kipande kilijitegemea, hata igizo lilikuwa zamu tu kwenye ratiba. Divertissement inataka kitu kikubwa cha kukaa ndani yake.

mutoto_ya_Lushi
Huku kwetu Lubumbashi hiyo neno ni ya kila siku, programu za TV za muziki na za kuchekesha ndiyo divertissement, hakuna mtu anawaza baleti. Lakini asili yake ni kugeuza, kupeleka kando. Ndiyo maana Code civil, kitabu cha sheria cha Ufaransa cha 1804, ilitumia divertir kwa mrithi anayechepusha mali ya marehemu. Na Pascal, mwanafalsafa wa karne ya 17, alisema mfalme akikosa divertissement ni mtu amejaa taabu, yaani uwindaji, kamari, vita, vyote ni vya kumtoa mtu kwenye kujifikiria. Kwake si sifa hata kidogo.

kifaranga_wa_mjini
Doh, kutoka pipi mpaka mirathi. Asanteni. Basi kama stori haisogei naruka mpaka kwa Warusi.

mpiga_fidla
Usiruke kahawa bwana. Inaitwa ya Kiarabu ila tuni yake Tchaikovsky kaitoa kwenye wimbo wa kubembelezea watoto wa nchi ya Georgia.