Kuishi kwenye boti la matanga la mita 12: gharama ziko wapi baada ya kulinunua?

Mgeni wa Bahari
Habari wakuu. Mimi na mwenzangu tunatafuta boti la matanga la faibaglasi, mita 12, lenye miaka 20 hivi, tuhamie humo moja kwa moja. Bei ya kununua tunaijua. Je, kila mwaka tutenge kiasi gani, na kipi hukausha mfuko zaidi? Nimesikia asilimia 10 ya bei ya boti. Natanguliza shukrani.

Fundi Mlingoti
Mkuu, hiyo asilimia 10 itakupoteza ukinunua boti la bei ya kutupa. Boti lililochoka huuzwa rahisi, lakini injini na matanga yake havijui kwamba ulipunguziwa bei. Piga hesabu kwa urefu. Umbo likibaki lile lile, kutoka mita 10 kwenda 12 eneo la matanga na la kupaka rangi huongezeka kwa asilimia 44, na uzito kwa karibu 73. Gati nazo hutoza kwa mita.

Kwa umri huo, uliza kwanza nyaya zinazoshika mlingoti zilibadilishwa lini. Huhesabiwa miaka 10 hadi 15, na watu wa bima nao huuliza. Usidanganyike zikiwa zinang'aa. Ubovu huanzia chini, waya unapoingia kwenye kishikizo kilichobanwa: maji ya chumvi hutuama humo, hewa haifiki, chuma kinaliwa kwa ndani. Pitisha shashi juu ya waya. Ikinasa, kuna uzi umekatika, na waya huo ni wa kutupa pamoja na wenzake wote wa umri huo.

Halafu kwaruza vali zilizo chini ya maji. Shaba nyeupe ya kawaida hupoteza zinki yake, ikageuka rangi ya waridi na kuwa kama biskuti. Weka bronzi (shaba iliyochanganywa na bati). Kagua haya boti likiwa nchi kavu, kabla hujalipa, na mkaguzi awe wako, si wa muuzaji.

Mgeni wa Bahari
Shukrani sana mkuu. Tukilala nangani badala ya gatini, si tunaokoa sehemu kubwa?

Amari Ndefu
Unaokoa kodi, ila vifaa utanunua. Kina kikiwa mita 5 maji yakijaa, na omo (mbele ya boti) iko mita 1 juu ya maji, jumla ni 6; zidisha kwa 5: mita 30 za mnyororo. Upepo ukichachamaa zidisha kwa 7, unafika 42. Kwa hiyo beba mita 50. Mnyororo wa milimita 10 una kama kilo 2.3 kwa mita, yaani kilo 115 za kuvutwa, na hapo utaitaka winchi ya umeme.

Umeme wenyewe ndio mtihani. Friji ya volti 12 hula Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji ya betri) 40 hadi 60 kwa siku, kwenye joto hata zaidi. Betri za risasi usizishushe chini ya nusu, hivyo Ah 200 ni 100 tu za kutumia. Ongeza paneli za sola, kiboti cha kwenda nchi kavu na mashine yake. Baada ya hapo ndipo akiba inaanza.

Gatini nako kuna wizi wa kimya kimya. Ukichomeka umeme wa nchi kavu, waya wa ethi unaliunganisha boti lako na ya majirani, na zinki zako (vipande vinavyofungwa chini ya maji viliwe badala ya vyuma vya boti) zinaliwa kulinda vyuma vyao. Zikiisha, zamu ni ya rafadha. Zibadilishe zikifika nusu, na funga kwenye ethi kizuizi cha mkondo mdogo wa umeme unaozila.

Bi Ngama
Nampinga kidogo Fundi: asilimia 10 inafaa kama utaipiga kwenye bei ya boti zima lililotunzwa vizuri, si kwenye ulicholipa.

Mengine ni madogo ila hayasubiri. Impela (kigurudumu cha mpira chenye mabawa) ya pampu ya maji ya bahari yanayopoza injini ibadilishwe kila mwaka. Ukikuta mabawa yamekatika, tafuta vipande vyote, kwani huziba kipoza joto na injini inachemka ingawa impela ni mpya. Tangi la dizeli lijazwe kabla ya boti kukaa muda mrefu. Likiwa nusu, unyevu wa hewa hugeuka matone kwenye kuta zake, vijidudu huota kwenye maji yaliyotuama chini, na chujio zitaziba siku ya kwanza ya mawimbi.