Kalamu ya wino inavuja nikirudi Dodoma kutoka Dar, nikienda haivuji. Kwa nini?

KatibuZabibu

Wakuu, habari za jioni. Nina swali, ila naomba mnivumilie nieleze kwanza, maana kila nikimuuliza mtu ananiambia "nunua nyingine", na hilo silitaki.

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, upande wa Hombolo. Kazi yangu ni kuandika. Zabibu za Februari hadi Aprili naandika, za Agosti na Septemba naandika, na katikati ya misimu kuna mihtasari ya vikao ambayo haiishi. Kompyuta ipo ofisini, lakini mzani uko shambani, na mkulima anataka aone kilo zake zikiandikwa mbele ya macho yake.

Tangu 2014 natumia kalamu tatu tu.

Ya kwanza ni Bic ya bluu, ile inayoonyesha wino ndani. Stakabadhi zetu zina nakala tatu na karatasi ya kaboni katikati, lazima ukandamize, na hakuna kalamu inayovumilia kukandamizwa kama hiyo. Umbo lake halijabadilika sana tangu ilipoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Ile bodi yake ya pembe sita ina faida ambayo mtu wa ofisini haioni: ukiiweka juu ya mzani haibingiriki ikaangukia kwenye kreti za zabibu.

Ya pili ni Parker Jotter ya chuma. Nilinunua kwa posho yangu ya kwanza ya ukatibu, na nilienda kuichukua mwenyewe dukani, sikumtuma mtu. Hiyo hukaa kwenye mfuko wa gauni, nabonyeza kwa kidole gumba, naandika jina na namba ya simu ya mnunuzi, nabonyeza tena, nairudisha. Nimeshabadilisha rifili mara nyingi sijui hesabu, ila mwili ni ule ule. Rangi ya fedha kwenye klipu imelika pale ninaposhika.

Ya tatu ndiyo yenye swali. Ni kalamu ya wino, ya plastiki ya bluu, nibu (ile ncha ya kuandikia) ya chuma, na ndani ina kibomba cha kunyonyea wino kutoka kwenye chupa. Hii naandikia mihtasari na kitabu changu cha kila siku. Nibu yake imelika kwa ulalo wa mkono wangu. Mwenyekiti akiishika inamkwaruzia karatasi, mimi nikiishika inateleza kama mlenda. Ndiyo sababu sitaki kununua nyingine: nikinunua nyingine ninaanza mwaka wa kwanza upya.

Sasa, mara nne au tano kwa mwaka naenda Dar kufuatilia wanunuzi. Nikifika Dar kalamu safi, naandika kikao, hakuna neno. Nikirudi, nikifika Dodoma na kufungua kifuniko, wino umejaa ndani ya kifuniko, vidole vyote bluu. Safari moja ulipita mpaka kwenye kitambulisho changu. Zamani nilidhani ni basi kurukaruka. Tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024 napanda treni, imetulia, chai haimwagiki, na bado inavuja. Begi ni lile lile, na Bic zilizomo humo humo hazivuji hata siku moja.

Swali dogo la nyongeza: Julai na Agosti, ule upepo mkavu wa huku ukianza, kalamu hiyo hiyo nikiiacha siku mbili inakauka mpaka nilowanishe nibu. Na mwezi Januari mmoja paa la ofisi lilivuja juu ya kabati. Kurasa nilizoandika kwa wino wa chupa zilibaki maji ya bluu, kikao kizima kimeondoka, kurasa za Bic zikabaki zinasomeka. Niliumia sana, kwa sababu kwenye zile kurasa kulikuwa na makubaliano ya bei na saini za wazee wawili ambao sasa ni marehemu. Nitumie wino gani?

TichaMpwapwa

Dada Katibu, habari ya kazi. Nimefundisha fizikia muda mrefu na swali lako ningelipenda liwe kwenye mtihani.

Basi halina kosa, treni haina kosa, na kalamu haina kosa. Kosa ni mlima. Dar iko usawa wa bahari. Dodoma iko juu kidogo ya mita 1,100. Ukipanda kiasi hicho, kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, inapungua kwa takriban asilimia 12. Hewa uliyoifungia ndani ya kalamu ukiwa Dar bado ina nguvu ya Dar. Kadiri treni inavyopanda baada ya Kilosa, hewa ya nje inalegea, ile ya ndani inatanuka, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, kwenye nibu. Mbele yake kuna wino, basi inausukuma.

Tuhesabu. Kibomba cha kawaida kinabeba kama mililita 1. Ukiwa umeandika kikao Dar, tuseme nusu imekwisha, una nusu mililita ya hewa. Itanuke kwa asilimia 13 au 14, unapata kama mililita 0.07 za wino zilizosukumwa nje. Hilo ni tone moja na kidogo. Tone moja la wino ndani ya kifuniko linatosha kuchafua mkono mzima, na kama begi limelala kwenye joto, hewa inatanuka zaidi.

Ukienda Dar mambo yanageuka. Hewa ya nje inazidi nguvu, inaingia ndani, wino unarudishwa nyuma. Ndiyo maana unafika msafi.

Bic haivuji kwa sababu mbili. Wino wake ni wa mafuta, mzito. Halafu itazame ubavuni, katikati ya bodi: kuna kitundu kidogo kama cha sindano. Watoto darasani huniuliza ni cha nini. Kazi yake ni kusawazisha hewa ya ndani na ya nje, hapa Mpwapwa na popote. Kalamu yako ya wino haina kitundu hicho, na haiwezi kuwa nacho, hewa ingeingia nyuma ya wino na wote ungemwagika.

Jaribu hivi safari ijayo. Kunywa maji ya chupa hapo Dodoma, ifunge ikiwa tupu, uende nayo. Utaona ukifika Dar imekuwaje.

Dawa: kabla ya kupanda treni ya kurudi, ijaze kalamu mpaka juu, au imwage yote. Iliyojaa haina hewa ya kutanuka, na iliyo tupu haina wino wa kusukumwa. Ukishindwa yote mawili, isafirishe nibu ikiwa imetazama juu, ili kinachotoka kiwe hewa.

MamaStesheneri_Majengo

Mwalimu amemaliza la safari, mimi niseme la kukauka na la wino, maana nauza vitu hivi hapa karibu na soko la Majengo, na kalamu za watu naletewa kila wiki nizitazame.

Mdogo wangu, kwanza kagua kifuniko. Kioshe, kikauke, kiweke mdomoni upande ulio wazi, kisha vuta pumzi. Kikikunasa ulimi na kubaki kimeng'ang'ania, kinafunga vizuri. Ukisikia hewa inapita, kina ufa mdogo usioonekana, au mtengenezaji ameacha tundu la hewa kwa usalama wa watoto. Hewa ya Dodoma ya Agosti haihitaji mlango mkubwa. Kuna kalamu za Kijapani za Platinum, hata ile ya bei ya chini iitwayo Preppy, ambazo ndani ya kifuniko kuna kikombe kingine kinachosukumwa na springi kikaifunga nibu kabisa. Hizo zinakaa miezi bila kukauka. Sisemi uache yako. Nasema ukiwa nayo moja ya akiba utapumzika.

La pili, unaisafisha kwa maji gani? Kama ni ya bomba, acha. Maji yetu haya yana chumvichumvi, angalia ukoko mweupe kwenye birika lako. Ukoko huo huo unajijenga kwenye vile vifereji vyembamba chini ya nibu, wino unapita kwa taabu, halafu unasema kalamu imechoka. Kinga maji ya mvua mwezi wa Januari, yachuje, weka chupa mbili za mwaka mzima. Ukikosa, nunua maji yasiyo na chumvi ya kuongezea betri, lakini soma chupa vizuri, uwe na uhakika ni maji na siyo asidi, maana yanapangwa rafu moja.

La wino, usije ukadanganywa ukatia wino wa mhuri. Haukutengenezwa kwa kalamu ya wino, utaiziba. Wala ule wino mweusi wa wachoraji wenye gundi ndani, huo ukikauka kwenye kalamu ya wino ndiyo buriani. Tafuta uliotengenezwa kwa kalamu za wino lakini rangi yake ni ya chembechembe zinazoshika kwenye nyuzi za karatasi, kwa mfano Platinum Carbon Black. Huo maji hayauondoi. Ila unadai usafi: kila unapomaliza kuutumia suuza, na usiuache ukaukie ndani hata kidogo. Hapa kwangu sina, huwa naagiza Dar mtu akiomba. Na kwa makubaliano ya bei yenye saini, mdogo wangu, mimi ningeandika kwa Bic. Naipenda kalamu ya wino kama wewe, lakini saini ya mzee ni kitu kingine.

Kijana_Ngongona

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi UDOM, naongezea kwa aliyesema wino gani, kwa sababu mtu anaweza kumshauri dada Katibu zile peni za kufutika kwa mpira wa nyuma. Asikubali kabisa. Ule wino haufutwi na mpira, unafutwa na joto la msuguano. Ukifika kama nyuzi 60 unapotea wenyewe. Mwaka jana niliomba lifti, nikaacha kauntabuku yangu kwenye dashibodi ya gari, tukaingia kula, jua la saa nane. Tumerudi, kurasa za juu nyeupe kabisa. Nilikaa pale naipekua nusu saa.

Aliyenisaidia ni kaka mmoja anayeuza samaki. Aliniambia wino huo ukipata baridi kali, chini ya nyuzi 10 hasi, unaanza kurudi. Tulifunga kauntabuku kwenye mifuko miwili ya nailoni, ikalala kwenye friza lake siku mbili. Maandishi yalirudi, hafifu, lakini nilisoma na nikanakili yote kwa Bic.

KatibuZabibu

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama. Mdogo wangu wa Ng'ong'ona, pole sana, na huyo muuza samaki Mungu ambariki.

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza. Nimeenda Dar na kurudi mara mbili.

Safari ya kwanza nilibeba chupa tupu niliyoifunga stesheni ya Dodoma. Kufika Dar imebonyea mbavu zote mbili kama mtu ameikalia. Niliishika pale nikacheka peke yangu, mama mmoja jirani akaniuliza nikamweleza habari ya kanieneo, naye akatoa ya kwake kwenye kikapu, nayo imebonyea. Kurudi, nilijaza kalamu mpaka wino ukachungulia kwenye nibu, nikaifuta, nikaifunga kwenye leso nyeupe ili nisijidanganye. Safari ya pili sikuwa na chupa ya wino, ikabaki robo, basi nikaifunga kwenye leso nyingine nyeupe, nikaichomeka wima mfukoni mwa begi, nibu juu, begi nikalipakata tangu Morogoro.

Kifuniko nimekivuta pumzi kama Mama alivyosema. Hewa inapita. Nimetazama kwa tochi ya simu, kuna ufa mwembamba kama unywele karibu na klipu, na nadhani ni siku ile ilipoanguka kwenye sakafu ya ghala 2019, kwa sababu ndipo kukauka kulipoanza. Nimeuliza kifuniko peke yake kama kinapatikana, kinapatikana, nimeagiza cheusi maana bluu hakuna. Mwili wa bluu, kifuniko cheusi, sawa tu. Vifereji nimeviloweka kwenye maji ya betri usiku kucha, nimesoma chupa mara tatu kama ulivyosema, na asubuhi yalikuwa ya bluu iliyokolea kana kwamba sijawahi kuiosha maishani.

Makubaliano na saini sasa ni Bic, nimeliandika kwenye utaratibu wa ofisi na mwenyekiti amepitisha. Mihtasari mingine nitabaki na kalamu yangu.

Leso za safari zote mbili ninazo hapa mezani. Ile ya kwanza haina hata nukta. Ya pili ina doa moja, dogo kuliko punje ya mtama, na nadhani ni pale nilipolala kidogo baada ya Kilosa, begi likainama.