Oili ya sintetiki kwa teksi za Mombasa: akiba au kutupa pesa?

Mwenye mada (teksi, Likoni)
Assalam aleikum jamaa. Jumamosi chama chetu cha wenye teksi, magari 11, mengi Axio na Probox, tunapiga kura. Katibu ataka magari yote yaache oili ya kawaida, ile 20W-50 tuliyoizoea, yaingie sintetiki, ile oili ghali ya kutengenezwa kiwandani kwa kemia, na sevisi isogezwe kutoka kilomita 5,000 hadi 10,000. Hesabu kaniandikia nyuma ya risiti. Oili ya kawaida mkebe wa lita 4 ni 2,400, filta 500, mara mbili: 5,800. Sintetiki 5,600 na filta moja 500: 6,100. Asema kwa shilingi 300 tu gari laingia gereji mara moja badala ya mbili. Mimi napinga. Nimesikia ukishaingia sintetiki hakuna kurudi, na gari kuukuu laanza kuvuja kila pembe. Nyinyi mwasemaje?

Fundi wa Changamwe
Usiingie. Juzi nimeletewa Probox, mwenyewe kamwaga 20W-50 katia sintetiki 0W-20 kwa maneno ya rafikiye. Wiki tatu baadaye, pale injini inapoungana na giaboksi kunatona tone tone, na kijiti cha oili nimekichomoa kikavu, ncha tu ndiyo imelowa. Ile si oili, ni maji. Joto la Mombasa lataka oili nzito, basi.

Mhandisi wa meli, mstaafu (Tudor)
Fundi, gari uliloliona naliamini, ila hukumu yako siikubali. Mwenye Probox kabadilisha vitu viwili kwa mpigo, nawe umelaumu kimoja. Sintetiki ni namna oili ilivyotengenezwa. 0W-20 ni uzito. Kutoka 20W-50 hadi 0W-20 ni kutoka kasimile hadi tui la tatu. Hata ingekuwa oili ya kawaida, injini iliyochoka ingeila tu. Sintetiki ya 5W-40 ipo, 10W-40 ipo.

Na hizo namba watu wazisoma vibaya. W ni ya baridi: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Sisi Julai usiku ukishuka hadi nyuzi 20 twatafuta sweta! Hapa namba ya mbele haina kazi kubwa. Itazame ya nyuma, ndiyo uzito wa oili injini ikishachemka.

Kuhusu kuvuja, kuna ukweli nusu. Ile aina ya sintetiki iitwayo PAO, ikiwa peke yake, hukausha mpira wa sili, ule uzuiao oili isivuje kwenye maungio. Ndiyo maana huchanganywa na esta, kemikali nyengine ya oili, ambayo huuvimbisha kidogo, mambo yakalingana. Kwa injini kuukuu, mara nyingi sili ilishakufa zamani na utope ndio uliokuwa umeziba. Oili safi ikiusafisha utope, watu wasema oili ndiyo iliyotoboa. Na hilo la "hakuna kurudi" ni hadithi. Oili za injini zenye alama ya API, ile taasisi ya mafuta ya Marekani, hutakiwa zichanganyike na nyenginezo bila kugandana. Leo waweza kutia hii, sevisi ijayo ukarudi kwenye ile.

Boda wa Kisauni
Nami niseme yangu. Nilitia sintetiki ya gari kwenye pikipiki, ile ya kusifiwa kuteleza. Ikateleza kweli, klachi pia! Mlima wa kwanza injini yalia, pikipiki haiendi, abiria kashuka anicheka.

Mhandisi wa meli, mstaafu (Tudor)
Mwanangu, klachi ya pikipiki yako yaogelea ndani ya oili ileile. Tafuta mkebe ulioandikwa JASO MA, alama ya Kijapani ya oili ya pikipiki isiyotelezesha klachi. Sintetiki au kawaida, maadamu ina alama hiyo.

Bi Mwenye Magari Mawili (Bamburi)
Ami mhandisi, umesema vizuri lakini hesabu ya katibu umeiacha yapita hivi hivi, na hapo ndipo penye shida. Hawa wapima kwa kilomita. Kilomita 10,000 za nani? Mimi nina daftari, madereva wangu waandika saa ya kutoka na saa ya kurudi. Gari la kwenda Voi na kurudi, tuseme mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 10,000 ni saa 167. La mjini, na foleni ya Nyali asubuhi, na kungoja feri injini ikiunguruma kwa sababu abiria ataka AC, wastani wake haufiki 15. Hizo ni saa 660 na zaidi. Mara nne! Dashibodi yasoma kilomita zilezile, oili yachomeka tu.

Sintetiki naitumia na siiachi. Nikifungua mfuniko wa oili, ndani pana rangi ya chai ya rangi, si lami. Lakini namwaga kila 6,000, wala simsikilizi mtu.

Mwenye mada
Dadangu, ukimwaga kila 6,000 akiba ya katibu imekufa. 6,100 kwa kilomita 6,000 ni kama 10,200 kwa kilomita 10,000. Ya kawaida ni 5,800.

Bi Mwenye Magari Mawili (Bamburi)
Imekufa, ndiyo. Sikusema ni rahisi. Nimesema naipenda.

Fundi wa Changamwe
Haya, la uzito nimekubali, mzee kanishika. Lakini nyote mwasema "sintetiki" kama kwamba iliyo mkebeni ndiyo iliyoandikwa. Kuna watu wapita gereji kwa gereji wanunua mikebe mitupu. Ya bei ghali ndiyo waitakayo zaidi, na mwataka kuambiwa ni ya nini? Mimi nikimaliza kumimina, natoboa mkebe kwa msumari mbele ya mwenye gari. Bandika bei kubwa, uvute na mwizi.

Mhandisi wa meli, mstaafu (Tudor)
Hilo la msumari nimelipenda. Hata jina lenyewe lina kesi yake: kampuni ya oili ya Mobil ilimlalamikia mwenzake Castrol huko Marekani kwamba auza oili ya mafuta ghafi iliyosafishwa sana akiiita sintetiki. Mwaka 1999 baraza la kusimamia matangazo likampa Castrol haki. Kwa hivyo mikebe mingi iliyoandikwa sintetiki leo ni oili ya mafuta ghafi iliyopikwa upya kwa hidrojeni. Si mbaya, yavumilia moto kuliko ya kawaida na haipungui haraka. Ila haina muujiza wa kilomita 10,000 kwenye foleni.

Ungekuwa na gari la tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini) ningekwambia lipa bila kuuliza, maana ekseli ya tabo huikaanga oili ya kawaida ikawa makaa. Axio ya teksi haina tabo. Oili ya kawaida ya uzito sahihi, kila 5,000, filta mpya kila mara, yatosha.

Mwenye mada
Nimetoka sasa hivi na tochi kuangalia. Juu ya mfuniko wa oili wa Axio yangu pameandikwa 0W-20, na mimi miaka minne naitia 20W-50! Kumbe kura yenyewe imekosea swali. Jumamosi nitapinga kilomita 10,000, hilo sina shaka. Halafu nitaomba kila gari lisomwe mfuniko wake kwanza. Yale matatu yanayotoa moshi wa buluu, yaani yanaunguza oili, yabaki na nzito yao hadi yafunguliwe injini. Langu naliteremsha taratibu, 5W-30 ya kawaida, nalichungulia kijiti kila wiki. Katibu atanuna.

Fundi wa Changamwe
Lilete Jumapili. Mkebe nunua mwenyewe, msumari ni wangu.

Bi Mwenye Magari Mawili (Bamburi)
Na ile nyeusi mtakayoimwaga msiiachie mtaroni ikaingia bahari. Nitumieni na dumu, nguzo za banda langu la kuku zimeingia mchwa.