Naombeni ushauri: timu yangu iko juu ya eproni ya pili na dirisha linafungwa Alhamisi

Meneja wa Ukonga (mleta mada)
Wakuu, habari za usiku. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara mbili. Sijalala vizuri tangu Jumapili.

Tuna ligi yetu ya mameneja wa kikapu mtandaoni, watu 12, huu ni msimu wa tano. Wachezaji wanatengenezwa na programu, ila kanuni ni za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, msimu wa 2025-26, na kalenda ni ile ile ya siku 174. Ukomo wa mishahara ni dola milioni 154.647, kodi ya anasa inaanzia 187.895, eproni ya kwanza 195.945, ya pili 207.824 (eproni ni mistari ya juu ya kodi, ukiivuka unabanwa kwenye biashara). Tulichoongeza sisi ni kimoja tu: kila milioni ya kodi unailipia shilingi 2,000 za kweli kwenye mfuko. Nusu wanagawana wasiodaiwa kodi, nusu anachukua bingwa.

Mishahara yangu imefika 211.3. Nimepiga hesabu, kodi ni kama 63.2, yaani shilingi 126,000. Timu nzuri, ila chini ya kikapu tunapigwa kila mechi. Kuna senta wa milioni 22 nampata nikitoa mawinga wangu wawili, mmoja wa 9 na mwingine wa 13. Mwisho ni Alhamisi saa 5 usiku. Nimchukue au nimwache?

Fundi Hesabu
Mkuu, kabla ya senta: umeshalipa kodi misimu mingapi?

Lushois
Ndugu, masenta wanadanganya macho. Bismack Biyombo ni mtoto wa huku kwetu Lubumbashi. Mwaka 2016 akiwa Toronto alikamata reboundi 26, mipira inayorudi kutoka kikapuni, katika mechi moja ya fainali ya kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland. Mtaani kwetu watu hawakulala. Kiangazi kile kile ukomo wa mishahara ukaruka kutoka milioni 70 mpaka 94 sababu ya mkataba mpya wa televisheni, kila timu ikawa na pesa mkononi, Orlando wakamupa milioni 72 kwa miaka 4. Sisi tulifurahi sana. Lakini miaka miwili baadaye wakamutoa. Hakuwa amebadilika, ni yule yule. Pesa ndiyo ilimubadilisha machoni mwa watu.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu, laki na ishirini na sita kwa wachezaji ambao hata hawapo duniani? Una watoto? Mimi mume wangu alianza hivi hivi na mikeka, "kidogo tu mama watoto", mpaka siku friji likatoka mlangoni mchana kweupe na mimi nimesimama natazama. Fikiri.

Meneja wa Ukonga
Mama, shikamoo. Nakuheshimu, ila huu si mkeka. Hapa hatubashiri mtu, tunasoma kanuni na kupanga timu. Mimi kazi yangu ni stoo, mchana kutwa nahesabu vitu vya watu wengine. Hiki ndicho kitu pekee ninachokiamulia mwenyewe.

@Lushois senta huyu si wa mechi moja, misimu miwili mfululizo anaongoza kwa kuzuia.

Fundi Hesabu
Swali langu hujalijibu.

Meneja wa Ukonga
Naona kama si la msingi sana. Mitatu. Msimu wa pili, wa tatu na wa nne.

Fundi Hesabu
Ndilo la msingi kuliko yote. Umezidi mstari wa kodi kwa milioni 23.405. Kiasi hicho kinakatwa vipande vya 5.685. Kwa mlipaji wa kawaida kila dola ya kipande cha kwanza inatozwa dola 1, cha pili 1.25, cha tatu 3.50, cha nne 4.75, na kuanzia hapo inapanda 0.50 kila kipande. Ndiyo 63.2 yako. Lakini aliyelipa misimu mitatu kati ya minne iliyopita ni mlipaji sugu. Kwake inaanza 3.00, kisha 3.25, 5.50, 6.75, na kipande cha tano 7.25. Jumla yako ni 110. Kwenye mfuko wenu hiyo ni 220,000.

Na usidhani ukishuka chini ya kodi msimu huu peke yake usugu unafutika. Msimu ujao watatazama wa pili hadi wa tano, bado una mitatu. Unatakiwa misimu miwili safi.

Bi Mkubwa wa Tanga
Laki mbili na ishirini. Yesu na Maria.

Kijana wa Kisauni
Buda, chukua senta. Woga wa kodi umeua timu nyingi kuliko kodi yenyewe. Oktoba 2012 Oklahoma City walikuwa wametoka fainali, wana Durant, Westbrook na Harden, wote vijana. Wakashindwana na Harden kwa milioni chache tu kwa sababu viwango vikali vya kodi vilikuwa njiani, wakampeleka Houston. 2018 jamaa ni MVP, mchezaji bora wa msimu. Mimi nilikuwa nawashabikia hao Oklahoma, nikavua jezi nikampa binamu yangu. Hadi leo nikiiona kwake roho inauma.

Mzee wa Don Bosco
Umenikumbusha. Kwenye kikosi hicho hicho cha Oklahoma alikuwepo Hasheem Thabeet wetu, alisajiliwa kiangazi kile. Na mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis, Harden wa tatu. Mtu wa Dar mbele ya Harden! Siku ile tulikuwa uwanja wa kikapu wa Don Bosco Upanga, mpira ukawekwa chini, kila mtu anasimulia aliwahi kumwona wapi. Wengine walikuwa wanadanganya, hawajawahi kumwona.

Meneja wa Ukonga
Nashukuruni wote. @Kijana wa Kisauni umeongea kile ninachokiwaza. Hiyo 220,000 sikatai, ila tunaichangia mimi na mdogo wangu nusu kwa nusu, timu ni yetu wote. Tukichukua ubingwa nusu ya mfuko inarudi kwetu.

Mzee wa Don Bosco
Mdogo wako anajua ni 110,000 kila mmoja?

Meneja wa Ukonga
Anajua 63,000. Nitamwambia.

Msema Kweli
Wadau, mnanyweshwa chai na mnaongeza vikombe. Someni vizuri. Mleta mada yuko 211.3, juu ya eproni ya pili. Mkataba wa NBA wa 2023 uko wazi: timu iliyo juu ya eproni ya pili haiunganishi mishahara ya wachezaji wawili kumpata mmoja. Kwake 9 na 13 si 22, ni 9 na ni 13, basi. Hata Phoenix, waliobanwa na eproni hiyo, walikwama na Bradley Beal, ambaye pia alikuwa na haki ya kukataa kuhamishwa, mpaka wakamvunjia mkataba Julai 2025, milioni 97 zikatandazwa, yaani zikagawanywa kwa miaka mitano. Kama ligi yenu inafuata kanuni, programu ingeikataa biashara hii kabla hujabonyeza. Ama hakuna ligi, ama hakuna senta. Chai hii, tena haina hata tangawizi.

Kijana wa Kisauni
Lo. Nimesoma tena. Kweli haiwezekani. Mleta mada, ni hekaya?

Lushois
Na mimi nimeandika habari yote ya Biyombo.

Meneja wa Ukonga
Si chai! Ligi ipo, senta yupo. Kuna hatua moja sikuiandika kwa sababu nilijua mtanishambulia.

Kwanza namtoa mchezaji wa benchi wa milioni 4.1 kwenda timu nyingine bila kupokea mtu. Nashuka hadi 207.2, niko chini ya eproni ya pili, na hapo kuunganisha kunaruhusiwa. Hiyo timu nyingine ni ya shemeji yangu, mume wa dada. Ana nafasi ya kumbeba. Hakutaka kumchukua bure, kwa hiyo nimemrushia 30,000 kwenye simu. Jumatatu.

Lakini tazameni hesabu: nikimtoa huyo wa 4.1 kodi inashuka, naokoa zaidi ya hiyo 30,000. Kosa liko wapi?

Fundi Hesabu
Kodi inatoka 110 inakuwa 82. Milioni 28 zimeondoka kwa mtu wa 4.1. Yaani huyo kijana anayeingia dakika sita kwa mechi anaila timu 32 jumla, mshahara na kodi yake. Kwa fedha zenu ni 56,000. Ungempa shemeji 30,000 unabaki na 26,000. Hesabu ya shilingi iko sawa.

Msema Kweli
Naondoa neno chai, samahani. Sasa nasema jingine, na ni baya zaidi. Katika makatazo ya eproni ya pili mojawapo ni kutoa fedha taslimu kwenye biashara. Wewe umeitoa kwa muamala wa simu ukiwa 211.3. Umevunja kanuni ile ile uliyokuwa unaikimbia.

Meneja wa Ukonga
Ile ni fedha ya ndani ya mchezo, dola. Yangu ni shilingi, kati ya ndugu.

Mzee wa Don Bosco
Kijana, hapo "kati ya ndugu" ndipo kesi ilipo. Minnesota walifanya makubaliano ya pembeni na Joe Smith, karatasi ikafichwa: akubali mshahara mdogo kwanza, kubwa litafuata. Mwaka 2000 ikajulikana. Faini milioni 3.5, mkataba ukafutwa, wakanyang'anywa chaguo tano za raundi ya kwanza, yaani haki za kuchagua wachezaji wapya, mbili wakarudishiwa baadaye. Na mchezaji alikuwa mzuri, na timu ilikuwa nzuri, ilikuwa na Kevin Garnett. Wenzako waliobaki wanakaa usiku na kalamu kama wewe. Wakijua, hakuna atakayekumbuka senta wako alizuia mitupo mingapi.

Bi Mkubwa wa Tanga
Na dada yako je, anajua mumewe anapokea hela kwako? Mambo ya shemeji na fedha huwa hayaishi kwa shemeji na fedha. Mwite mdogo wako leo umwambie zote mbili, ya 110,000 na ya 30,000. Hilo ndilo jibu langu, la mpira silijui.

Kijana wa Kisauni
Lakini mbona usimlipe kihalali? Mpe chaguo la raundi ya pili pamoja na huyo wa 4.1. Hivyo ndivyo timu za kweli hufanya: unataka nikubebee mzigo, niwekee kitu juu yake. Hela arudishe.

Meneja wa Ukonga
Chaguo nilikuwa nazitunza kwa ajili ya msimu ujao.

Fundi Hesabu
Ukimaliza msimu juu ya eproni ya pili, chaguo lako la raundi ya kwanza la 2033 linagandishwa, huliuzi. Unatunza la raundi ya pili huku la kwanza linaingia kwenye friza?

Halafu kuna jambo hakuna aliyeliuliza. Ukishaunganisha mishahara unafungwa: 207.824 inakuwa dari mpaka msimu uishe. Utabaki na nafasi ya dola 624,000. Unatoa watatu, unapokea mmoja. Kama uko na 15, unabaki na 13, na kanuni inataka 14. Mshahara wa chini wa mzoefu ni milioni 2.296 kwa siku 174. Tarehe 5 Februari zitakuwa zimebaki siku 67, ni kama 884,000. Huwezi kumsajili mtu wa 14.

Meneja wa Ukonga
Hapo sikufika kabisa. Niko na 15 kweli. Nimetoka jasho.

Msema Kweli
Avunje mkataba wa mtu mmoja autandaze kama Phoenix.

Fundi Hesabu
Haisaidii. Ukivunja mkataba Februari, mshahara wa msimu huu unabaki palepale, inatandazwa miaka inayofuata tu.

Njia ipo. Kanuni inakuruhusu kukaa chini ya 14 siku zisizozidi 14 mfululizo, na 28 kwa msimu mzima. Kaa na 13 mpaka tarehe 17. Tarehe 18 Februari sajili mtu kwa mkataba wa siku 10, atakula 132,000. Akiondoka kaa tena siku 7. Tarehe 7 Machi zinabaki siku 37, mzoefu anagharimu 488,000, na wewe una 492,000. Unabakiwa na pungufu ya dola 4,000 chini ya dari. Asiumie mtu.

Lushois
Huyu Fundi tumuchukue huku Lubumbashi.

Meneja wa Ukonga
Mrejesho, Jumatano usiku.

Nimemwambia mdogo wangu. Alikaa kimya muda mrefu kwenye simu, nikadhani imekata. Kilichomuuma si 110,000. Aliniuliza kwa nini shemeji alijua kabla yake. Sikuwa na jibu.

Nimemwambia kamishna mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu. Ameitisha kura ya wote kesho asubuhi, kama nikatwe chaguo au nionywe. Shemeji amerudisha 25,000, anasema 5,000 ameshatumia. Kuhusu chaguo la raundi ya pili anataka mawili. Nimempa moja, kamishna akipitisha. Anafikiria.

Senta bado namtaka. Ninajua mtasema. Ila namtaka kwa njia hiyo, na mdogo wangu amekubali tuwe tunapiga hesabu pamoja.

Bi Mkubwa wa Tanga
Hiyo 5,000 mwachie. Usimpigie tena kuidai.

Mzee wa Don Bosco
Kura ni saa ngapi?

Meneja wa Ukonga
Saa 3 asubuhi. @Fundi Hesabu, tarehe 18 na tarehe 7 nimezizungushia kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya stoo. Mkataba wa siku 10 unahesabiwa pamoja na siku ya kusaini?

Fundi Hesabu
Pamoja nayo. 18 hadi 27. Usisaini tarehe 17.